Njiwa Manga wa Ufipa

Tarehe ya ndege huyu inaanzia kwenye jina. Waswahili walimwita njiwa manga, wakamtenga na tetere, pugi na ninga wa porini. Manga ni Uarabuni, hasa Oman. Ukimtaja kwa jina umekwisha kutaja na upande aliotokea. Babu yake ni njiwa wa majabali wa Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini: kijivu cha samawati, mistari miwili myeusi bawani, kiuno cheupe.

Ufipa ni uwanda ulioinuka kiasi cha mita 1,800 kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, nchi ya ulezi na mahindi, kwa hiyo chakula cha njiwa huyu hakikuwa shida. Mwaka 1974 Rukwa ukawa mkoa na Sumbawanga makao yake makuu. Mji ukakua, pamoja na maghala, mashine za kusaga na mapaa ya bati. Kwa ndege wa majabali, kenchi ya ghala ni jabali tosha, na punje zilizomwagika mlangoni mwa mashine ni shamba lisilolimwa.

Mfugaji huanza na jozi moja. Huifungia bandani wiki mbili tatu, la sivyo itarudi kwa aliyeiuza. Jike hutaga mayai mawili, na wazazi hupokezana kuatamia siku 18 hivi. Makinda yakitoka hulishwa uji mweupe kutoka kooni mwa mama na baba pia.

Manyoya yakichomoza, ukoo husomeka. Oza dume la kijivu kwa jike lenye wekundu wa tofali la kuchoma: mabinti watafuata kijivu cha baba, wavulana wekundu wa mama. Binti wa njiwa hurithi rangi hiyo kwa baba peke yake. Basi, kama hakuna rangi nyingine iliyofunika, mfugaji hujua jike na dume wangali kiotani.

Weupe na wenye mabaka hudumu kwa kuchaguliwa. Charles Darwin, aliyefuga njiwa mwenyewe, aliandika mwaka 1859 kwamba ukichanganya koo za rangi mbalimbali, kijivu cha babu na mistari yake huweza kuzuka upya. Kozi naye ana mkono wake: utafiti uliofanywa Marekani na kutolewa mwaka 2005 ulionyesha kwamba njiwa wa kijivu mwenye kiuno cheupe humponyoka zaidi kuliko wenzake.

Wazee husema njiwa hawakai penye ugomvi. Ndiyo maana jioni, mahindi yakimwagwa uani, mwenye banda hutazama kwa makini nani amerudi. Hahesabu moja, mbili, tatu. Huita rangi: mweupe yupo, wa tofali yupo, wa mabaka yupo. Akikosekana mmoja, watoto hawaulizi wamebaki wangapi. Huuliza: ni mtoto wa nani huyo?