Kautokeino: Manispaa ya Wasami iliyorejesha lugha yake

Kautokeino ni manispaa ya vijijini katika Mkoa wa Finnmark, kaskazini mwa Norwei, mpakani na Finland. Ikiwa na zaidi ya kilomita za mraba 9,700, ndiyo kubwa kuliko zote nchini humo, ingawa wakazi wake hawafiki 3,000. Wengi wao ni Wasami, wenyeji wa asili, ambao huiita Guovdageaidnu. Tegemeo lao kubwa ni ufugaji wa reni, mnyama wa nchi za baridi mwenye pembe za matawi.

Historia

Eneo hilo lilikuwa chini ya Uswidi hadi mwaka 1751, mpaka ulipowekwa na likaangukia upande wa Norwei.

Novemba 8, 1852, Wasami waliofuata uamsho wa kidini wa mhubiri Lars Levi Læstadius, uliopinga ulevi, walimuua mfanyabiashara aliyeuza pombe pamoja na ofisa wa polisi, na kumchapa mchungaji viboko. Viongozi wawili, Aslak Hætta na Mons Somby, walikatwa vichwa mwaka 1854. Mafuvu yao yalipelekwa chuo kikuu katika mji mkuu, na hayakuzikwa hadi mwaka 1997.

Lars Hætta, mdogo wa Aslak, alinusurika adhabu ya kifo kutokana na umri wake mdogo. Akiwa kifungoni alitafsiri Biblia kwa Kisami. Biblia kamili ya lugha hiyo ilichapishwa mwaka 1895.

Katika miaka ya 1970, mpango wa bwawa la umeme katika mto Alta ulitishia kukizamisha kijiji cha Masi. Kijiji kiliokolewa mwaka 1973, lakini bwawa dogo zaidi lilijengwa licha ya maandamano makubwa. Mgogoro huo ulichangia kuanzishwa kwa Bunge la Wasami mwaka 1989.

Nembo na lugha

Ngao ya manispaa ina picha ya lavvu, hema la wafugaji wanaohamahama. Tangu mwaka 1992, Kisami kina hadhi sawa na Kinorwei katika ofisi zake, na mwananchi ana haki ya kujibiwa kwa lugha hiyo.

Utawala

Baraza la madiwani huchaguliwa kila baada ya miaka minne, nalo humchagua meya. Manispaa husimamia shule za msingi, afya ya awali na huduma za wazee. Mkoa wa Finnmark uliunganishwa na Troms mwaka 2020, kisha ukarejeshwa Januari 1, 2024.