Walipoacha kungoja kigaga kibanduke

Machi 1998 moto uliteketeza bweni la shule ya wasichana ya Bombolulu, Kwale, Kenya, na wanafunzi zaidi ya 20 wakafa. Msiba huo haujasahaulika. Wanaosahaulika ni wanaoungua mmojammoja: mtoto aliyemwagikiwa uji, mama aliyelipukiwa na koroboi.

Zamani mgonjwa wa namna hiyo aliachwa angoje. Ngozi iliyoungua ilifanya kigaga kigumu, nacho kiliachwa kioze na kubanduka chenyewe, yapata wiki 3, ndipo apandikizwe ngozi. Vijidudu havikungoja. Wengi waliovuka siku ya kwanza salama walikufa baadaye, sumu ikiwa imeingia kwenye damu.

Aliyevunja mazoea hayo hakutoka London wala Boston. Zora Janžekovič alikuwa daktari wa mji mdogo wa Maribor, Yugoslavia, ambao leo uko Slovenia. Miaka ya 1960 alianza kuikwangua ngozi iliyokufa kati ya siku ya 3 na ya 5, tabaka kwa tabaka, mpaka damu itokeze. Damu ndiyo iliyomwambia amefika penye uhai. Hapohapo akapandikiza ngozi nyembamba iliyotolewa sehemu ya mwili isiyoungua. Mwaka 1970 alichapisha matokeo yake, na madaktari wakafunga safari kwenda kujionea.

Afrika Mashariki ina uzi wake katika kisa hiki. Archibald McIndoe, aliyetibu marubani walioungua katika Vita vya Pili vya Dunia, aliona kuwa walioangukia baharini walipona vizuri zaidi, akaanza kuwaogesha wagonjwa kwa maji ya chumvi. Mwaka 1957 yeye, Michael Wood na Tom Rees walianzisha shirika la AMREF, ili madaktari wapasuaji wazifikie kwa ndege hospitali za mashambani.

Kisu cha mapema kina bei, na bei hiyo ni damu. Kukwangua eneo kubwa huila chupa kwa chupa, na hospitali isiyo na akiba italazimika kungoja kama zamani, au kumvusha mgonjwa kivuko cha Likoni kwenda Mombasa huku siku zikihesabika.

Basi mtoto akiungua, mwagie maji safi ya bomba dakika 20, usimpake yai wala dawa ya meno, umfikishe hospitali siku hiyohiyo. Nawe uliye mzima, wakija kukusanya damu Msambweni au Ukunda, nenda ukatoe.