Mnyama wa Vichwa Saba katika Picha za Kale

Katika Ufunuo wa Yohana imeandikwa habari za mnyama mwenye vichwa saba na pembe kumi. Wengi waionapo picha yake huingiwa na hofu, kisha huuliza, Je, ni nani huyu? Historia yatufundisha kulijibu swali hilo kwa uangalifu.

Mwaka 1498 Albrecht Dürer wa Nürnberg, katika Ujerumani, alitoa picha 15 za Ufunuo. Picha za namna hii huchongwa katika ubao, mistari ikabaki imeinuka. Hupakwa wino, zikapigwa chapa. Katika mojawapo Mikaeli amchoma joka kwa mkuki juu mawinguni, na chini yao nchi imetulia. Humo hakutajwa adui ye yote wa siku zile.

Lakini Septemba 1522 Agano Jipya la Martin Luther lilitolewa Wittenberg, lenye picha za Lucas Cranach. Mwanamke Babeli, aketiye juu ya mnyama, amevikwa taji la tabaka tatu, ndilo taji la Papa. Mtawala George wa Saxony, aliyeshikamana na Papa, alikasirika akakikataza kitabu. Kilipopigwa chapa tena Desemba, taji lilikuwa limepunguzwa likawa la kawaida. Lakini katika Biblia nzima ya 1534 lile la tabaka tatu likarudi.

Upande wa pili nao haukunyamaza. Mwaka 1529 Johannes Cochlaeus, padre wa Kikatoliki, alitoa kitabu chenye picha ya Luther mwenye vichwa saba. Wafuasi wa Luther wakajibu kwa picha ya mnyama mwenye vichwa vya Papa na wakuu wa Kanisa lake. Basi mnyama mmoja alipewa majina mawili, na kila upande ulimwona katika uso wa jirani. Tena toka 1618 hata 1648 Ujerumani iliharibiwa kwa vita, na magomvi ya dini yalikuwa mojawapo ya sababu zake.

Maandiko yenyewe yametoa ufunguo. Danieli 7:17 yasema wanyama ni wafalme. Ufunuo 17:9 yasema vichwa ni milima saba, na Wakristo wa kwanza waliujua mji wa milima saba, Rumi, uliowatesa. Mnyama, basi, ni mamlaka idaiyo ibada ipasayo Mungu peke yake.

Kwa hiyo, msomaji, uonapo picha ya kutisha, uliza kwanza imechorwa na nani, na kwa shabaha gani. Kumchorea jirani pembe ni kazi ya siku moja; kuzifuta katika mioyo ya watoto wetu ni kazi ya vizazi.