Kioo Kisichofunguka: Dirisha la Gari katika Historia ya Bonde la Kilombero

Katika gereji za Ifakara, kama ilivyo katika miji mingine ya Tanzania, kioo cha gari kinachomsumbua fundi kuliko vingine si kile kikubwa cha mbele wala vile vya milango vinavyopanda na kushuka, bali ni kile kidogo cha ubavuni nyuma, kilichofungwa moja kwa moja kwenye bodi, kisichofunguka, na kisicho na kazi nyingine ila kuingiza mwanga na kumsaidia dereva kuona kilicho nyuma yake. Mwizi hukipenda kwa sababu ni kidogo, mlio wake wa kuvunjika ni mfupi, na tundu lake hutosha kupitisha mkono hadi kwenye kitasa cha ndani au kwenye mzigo uliowekwa kiti cha nyuma. Mwenye gari naye huigundua thamani yake siku hiyo hiyo, maana kila toleo la gari lina umbo lake la kioo hiki, na duka ambalo lina vioo vya mbele vya magari kumi linaweza lisiwe na hata kimoja cha namna hii. Bondeni Kilombero historia ya kioo hicho haivuki sana umri wa mtu mmoja, lakini ukiifuatilia inaonyesha jinsi ufundi wa magari ulivyogeuka: kazi iliyokuwa ya kukata na kupachika kwa mikono imekuwa, kwa sehemu kubwa, kazi ya kujua kitu kinapatikana wapi.

Bonde lenyewe limekaa kati ya mwinuko wa Udzungwa upande wa kaskazini-magharibi na safu ya Mahenge upande wa kusini-mashariki, na tambarare yake hufurika maji wakati wa masika. Kabla ya magari, Wandamba walisafirisha watu na mpunga kwa mitumbwi, na mizigo ya nchi kavu ilibebwa kichwani. Chini ya utawala wa Waingereza eneo hili lilikuwa katika wilaya ya Ulanga, ambayo makao yake yalikuwa Mahenge, ng'ambo ya Mto Kilombero, na malori ya wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi yaliyokuja kununua pamba na mpunga yalifika kwa msimu, barabara ilipokuwa imekauka vya kutosha kubeba uzito wao. Mvua zilipoanza, gari lililokuwa Ifakara lilibaki Ifakara.

Malori na magari ya enzi hizo hayakuwa na kioo cha ubavuni cha kuvunjwa. Gari jepesi la miaka ya 1920 lilikuwa wazi, na abiria walijikinga na mvua kwa mapazia ya turubai yaliyoshonewa vipande vya seluloidi, yaani plastiki ya kale inayopitisha mwanga, ambayo jua liliigeuza rangi na kuipasua. Aina nyingine iliyoenea Afrika Mashariki ilikuwa gari lililonunuliwa likiwa na injini, magurudumu na fremu peke yake, kisha bodi yake ikaundwa hapa hapa na maseremala, wengi wao Wahindi, kwa mbao, mabati na wavu wa waya pembeni. Mlinzi wa mzigo katika gari kama hilo alikuwa utingo, yule msaidizi wa dereva aliyelala juu ya magunia usiku kucha, na yeyote aliyetaka kuiba alipaswa kwanza kumshinda mtu huyo. Jambo hili linastahili kuzingatiwa, kwa sababu kioo kilipokuja baadaye kilichukua nafasi ya utingo bila kuwa na uwezo wake wa kupiga kelele.

Mabadiliko yalikuja baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Land Rover, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1948, ilikuwa gari lililoweza kukabili tope la nchi za mabondeni bila kusubiri kiangazi, na taasisi zilizokua Kilombero katika miaka hiyo, zikiwemo misheni ya Kikatoliki ya Ifakara na hospitali yake ya Mtakatifu Francis, maabara ya utafiti iliyoanzishwa na Mswisi Rudolf Geigy mwaka 1957, na kampuni ya sukari iliyoanza uzalishaji karibu na Kidatu mwanzoni mwa miaka ya 1960, hazikuweza kuendesha shughuli zao bila magari ya aina hiyo. Toleo la kubebea abiria lilikuwa na vioo ubavuni mwa sehemu ya nyuma, na baada yake yakaja magari mengine yenye vioo vya nyuma visivyofunguka, kama Volkswagen Kombi na Peugeot 404 ya familia, iliyofuatwa na 504.

Vioo vingi vya wakati huo vilishikwa na mpira. Mpira huo ni mkanda mzito wenye mifereji miwili, mmoja wa ndani unaomeza ukingo wa kioo na mwingine wa nje unaouma ukingo wa bati la bodi, na namna ya kuuvalisha ndiyo iliyomtofautisha fundi na mbahatishaji. Kwanza kioo huvalishwa mpira mezani, kisha kamba nyembamba huzungushwa ndani ya mfereji wa nje mpaka ncha zake mbili zipishane, na mpira hupakwa maji ya sabuni ili uteleze. Fundi mmoja hukiegemeza kioo kwenye tundu la dirisha kutoka nje na kukisukuma kwa viganja, huku mwenziwe aliye ndani ya gari akivuta kamba polepole, nayo inapotoka huuinua mdomo wa mpira na kuupitisha juu ya bati, inchi baada ya inchi, hadi dirisha zima likae. Akivuta kwa pupa, mpira huchanika. Akisukuma upande mmoja kuliko mwingine, kioo hupasuka mikononi mwake. Kazi yote haikuhitaji umeme, wala gundi, wala chombo chochote kisichopatikana katika duka la kijijini, na ndiyo maana iliweza kufanyika Ifakara au Mahenge kwa ubora ule ule wa Dar es Salaam.

Ugumu ulikuwa katika kioo chenyewe, na hapa inafaa kutofautisha aina tatu. Kioo cha kawaida, kile cha madirisha ya nyumba, hukatika kwa kisu cha almasi lakini kikivunjika hutoa vipande virefu vyenye makali. Kioo cha tabaka, kilichopewa hataza mwaka 1909 na Mfaransa Édouard Bénédictus, ni vioo viwili vilivyobandikwa kwa utando katikati, hivyo kikipasuka vipande hubaki vimeshikamana. Hiki ndicho cha mbele. Kioo kilichokazwa, ambacho ndicho hutumika zaidi ubavuni, hupashwa moto hadi kupita nyuzi 600 za Selsiasi na kisha kupozwa ghafla kwa upepo, ili ngozi yake ya nje ijibane na moyo wake ubaki umevutika. Kinastahimili pigo pana, lakini kikidonolewa na kitu kigumu chenye ncha kinamwagika chote kwa mara moja, kama punje za chumvi ya mawe. Kwa kuwa mvutano huo umeenea katika kioo kizima, hakiwezi kukatwa wala kutobolewa baada ya kukazwa.

Kutokana na sifa hiyo, fundi wa mbali na kiwanda alikuwa na njia moja rahisi alipoletewa Land Rover iliyovunjwa kioo: kupima tundu, kwenda kwa muuza vioo vya nyumba, na kukata kipande cha kioo cha kawaida chenye umbo lile lile. Njia hiyo iliwezekana kwa sababu vioo vya magari hayo vilikuwa bapa. Haikuwa salama, na abiria aliyekaa kando ya kioo kama hicho siku ya ajali alikuwa hatarini kuliko alivyodhani, lakini gari lilirudi barabarani jioni ile ile. Si haki kuwalaumu mafundi hao kwa vipimo vya leo, kwani wengine wote katika mnyororo ule, kuanzia mwagizaji hadi mwenye gari, walikuwa wameridhia.

Ujenzi wa reli ya TAZARA, ulioanza mwaka 1970 na kukamilika mwaka 1975, ulileta bondeni shughuli kubwa ya ufundi kuliko yoyote iliyowahi kuonekana huko. Reli hiyo ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia inapita Kidatu, Ifakara na Mlimba kabla ya kuupanda mwinuko kuelekea Makambako, na Mang'ula, kati ya Kidatu na Ifakara, Wachina waliojenga reli hiyo waliweka karakana za kuhudumia ujenzi ambazo baadaye zikawa kiwanda cha mashine na zana. Baada ya reli kukabidhiwa mwaka 1976, mto na matope havikuwa tena kizuizi cha kila masika: kifurushi kingeweza kusafiri kwa treni hata barabara ilipokatika, na treni fupi ya wenyeji, waliyoiita Kipisi, ilibeba abiria, mpunga, ndizi na vyombo kati ya stesheni ndogo ambazo hakuna lori lililozifikia.

Bahati mbaya ni kwamba njia ya kuleta vipuri ilifunguka wakati vipuri vyenyewe vilipoadimika. Uagizaji wa magari ulikuwa umewekwa mikononi mwa shirika moja la umma, State Motor Corporation, na bei ya mafuta pamoja na gharama za vita vya Kagera vya 1978 na 1979 ziliifuta akiba ya fedha za kigeni. Huo ndio wakati wa plaiwudi, mabati na plastiki kwenye madirisha ya magari, na ndio wakati desturi ya kuchinja magari ilipokomaa, yaani kulichukua gari lililokufa na kuliuza kipande kwa kipande. Kioo cha ubavuni kilichotoka katika gari lililochinjwa kilikuwa na sifa mbili ambazo plaiwudi haikuwa nazo, mwanga na umbo sahihi, na fundi aliyejua mzoga wa Peugeot umelala wapi alianza kuthaminiwa sawa na aliyejua kuvuta kamba.

Kuanzia bajeti ya 1984/85 serikali iliruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na katika muongo uliofuata magari yaliyotumika kutoka Japani yakaanza kuingia kwa wingi: Hiace za abiria, Land Cruiser zilizobandikwa jina la mkonga kwa sababu ya bomba la hewa lililopanda kando ya kioo cha mbele, na baadaye Noah, RAV4 na magari madogo ya familia. Kwa fundi wa vioo hayo yalikuwa mageuzi makubwa kuliko yale ya Land Rover. Vioo vya ubavuni vilikuwa vimepindwa kufuata mkunjo wa bodi, kwa hiyo kipande cha kioo cha nyumba hakikufaa tena hata kwa dharura. Na katika matoleo mengi mpira wenye mifereji uliondoka, nafasi yake ikachukuliwa na gundi ya yurethani inayokigandisha kioo moja kwa moja kwenye bati. Kamba na maji ya sabuni havikuwa na kazi hapo. Fundi sasa hukwangua gundi ya zamani kwa kisu au kuikata kwa waya, husafisha ukingo hadi vumbi lote litoke, hupaka gundi mpya kwa mstari mmoja usio na pengo, kisha hukifunga kioo kwa utepe na kusubiri. Vumbi la kiangazi na maji ya masika, ambavyo Kilombero vipo kwa kipimo cha kutosha, ni adui wa kazi hiyo, na wengi wanaotumia silikoni ya kuzibia madirisha ya nyumba badala ya gundi halisi huijua hasara yake mvua ya kwanza inapopenya hadi kwenye zulia.

Uhaba wa kioo sahihi ndio uliozaa sura isiyopendeza ya biashara hii. Soko la vipuri vilivyotumika, ambalo kitovu chake ni Kariakoo na Ilala jijini Dar es Salaam, hulisha gereji za mikoani, na miongoni mwa bidhaa zake halali kutoka Japani huchanganyika zilizong'olewa usiku katika magari ya watu. Wenye magari wamejibu kwa kuandikisha namba za usajili juu ya kila kioo na kila taa, zikichorwa ndani ya kioo chenyewe ili zisifutike, na uchoraji huo umekuwa kazi ya kujitegemea. Kinga hiyo inamzuia anayetaka kuuza kioo. Haimzuii anayekivunja ili achukue begi, na wa pili ndiye anayehusika zaidi na dirisha dogo la nyuma. Upande wa fidia nao ni finyu. Bima ilikuwa mikononi mwa Shirika la Bima la Taifa peke yake kuanzia mwaka 1967 hadi sheria ya 1996 ilipofungua soko, lakini katika vipindi vyote viwili sheria imelazimisha bima ndogo tu, inayowafidia watu wengine waliodhuriwa na gari. Kioo cha mwenye gari huangukia bima kubwa, ambayo wengi hawakati. Kwa hiyo taarifa ya polisi huandikishwa, namba yake ikahifadhiwa, na gharama ikatoka mfukoni.

Ng'ambo ya mto hali ilikuwa ngumu zaidi kwa muda mrefu. Magari yaliyoelekea Lupiro, Mahenge na Malinyi yalivushwa kwa pantoni, na mwezi Januari 2016 kivuko cha MV Kilombero II kilipinduka kikiwa na watu na magari. Daraja la mita 384 lililozinduliwa tarehe 5 Mei 2018, na kupewa jina la Rais John Magufuli, liliondoa foleni ya pantoni, na uwekaji lami katika kilomita zipatazo 67 kati ya Kidatu na Ifakara umepunguza muda wa mabasi, ambayo ndiyo huleta vifurushi vya vipuri kutoka Dar es Salaam. Mnamo Septemba 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkuranga, mkoani Pwani, kiwanda cha kioo bapa kinachotumia mbinu iliyotangazwa na kampuni ya Pilkington ya Uingereza mwaka 1959, ambapo kioo kilichoyeyuka hutandazwa juu ya madini ya bati yaliyoyeyuka. Kioo bapa hicho ni malighafi ya madirisha ya majengo, na ili kigeuke kioo cha ubavuni cha gari lazima kwanza kikatwe, kipindwe na kukazwa kwa kalibu ya toleo husika. Kwa sababu hiyo fundi wa Ifakara aliyepokea gari lililovunjwa usiku bado hupiga simu Kariakoo, hutaja toleo, mwaka na upande, hutuma picha ya tundu, na huziba nafasi kwa plastiki na utepe mpaka basi la kesho yake lifike.