Audi TT
Audi TT ni gari dogo la kifahari la spoti kutoka Ujerumani, lililoundwa katika kiwanda cha Győr, Hungaria, kuanzia 1998 hadi 2023 katika vizazi 3. Lilipatikana kama kupe (coupé) na, tangu 1999, pia kama gari la wazi lenye viti viwili. Kupe ina viti vinne, ingawa vya nyuma vinafaa watoto au mizigo tu.

Umbo lake la mviringo ndilo lililolipa sifa, na ndilo lililoliponza: magari ya mwanzo yaliyumba kwa mwendo mkali na kusababisha ajali, hata vifo. Kampuni iliyaita yarudi, ikaongeza kizuia-upepo nyuma na mfumo wa kielektroniki wa kudhibiti mwelekeo.

Kizazi cha kwanza kilikuwa na injini ya lita 1.8 yenye silinda 4 na turbo, ya nguvu za farasi 180 au 225. Mwaka 2003 ikaja ya lita 3.2, silinda 6, farasi 250, pamoja na giaboksi ya klachi mbili. Katika vizazi vilivyofuata, toleo la TT RS la 2009 lilitumia injini ya silinda 5, farasi 340. Lile la 2016 lilifikia 400.