Nani Alimleta Mdudu wa Wodini?

Hadithi hii niliisikia kwanza Osieko, kwa wavuvi, kisha nikaisikia tena Malaba kwenye foleni ya malori. Haibadiliki sana. Hospitalini, wanasema, kuna mdudu asiyesikia dawa. Mtoto analazwa kwa malaria, malaria inapoa, halafu siku ya nne homa nyingine inapanda na sindano hazifui dafu. Ukiuliza mdudu huyo katoka wapi, kidole kinaelekezwa barabarani: kaletwa na madereva kutoka Uganda. Nilipovuka mpaka nikaambiwa katoka Kenya. Hadithi inayogeuka kufuatana na upande uliosimama, uiamini kiasi gani?

Sikuitupa. Mwaka 2020, foleni za Malaba na Busia ziliponyooka kilomita nyingi kwa kusubiri vipimo vya korona, dereva alitazamwa kama ndiye ugonjwa wenyewe. Lakini kuonewa jana si ushahidi kwamba leo hausiki, na barabara hubeba magonjwa kweli. Nilitaka maandishi. Je, madaftari ya wodi yangesema nini?

Yalisema machache. Katika kituo kimoja cha afya mpakani nilifunguliwa madaftari ya zamani: jina, umri, kijiji, ugonjwa, tarehe ya kulazwa, tarehe ya kutoka au kufa. Malaria, malaria, nimonia, homa. Hakuna damu iliyooteshwa maabara, kwa hiyo hakuna mdudu aliyepewa jina. Tarehe ndizo zilizonishika. Maambukizi huhesabiwa kuwa ya hospitalini yakijitokeza zaidi ya saa 48 baada ya mgonjwa kulazwa, na humo mlikuwa na watoto walioingia kwa kuungua moto au kuvunjika mguu, wakafa siku kadhaa baadaye kwa kile kilichoandikwa "homa" tu. Muuguzi mmoja mstaafu alizitazama kurasa hizo pamoja nami. "Mwanangu," akasema, "tulijua kuna kitu wodini. Hatukuwa na cha kukionea." Ni wapi walikuwa nacho?

Kilifi, upande mwingine wa Kenya. Huko damu za watoto wanaolazwa zimekuwa zikioteshwa tangu 1998. Utafiti uliochapishwa 2011 ulipitia zaidi ya watoto 33,000 waliolazwa kati ya 2002 na 2009: karibu 6 katika kila 1,000 waliingiwa na bakteria kwenye damu wakiwa wodini. Asilimia 53 ya hao walikufa. Kwa watoto waliofika na bakteria kutoka nyumbani, waliokufa ni asilimia 24. Isisomwe kuwa Kilifi ilikuwa mbaya kuliko kwingine. Kilifi ilipima, ndiyo maana tunajua. Miongoni mwa bakteria waliopatikana, Klebsiella pneumoniae alikuwa mmoja wa wakuu. Lakini alikuwa mdudu mmoja aliyeenea, au wengi wenye jina moja?

Hapo ndipo jenomu, yaani maandishi yote ya DNA ya kiumbe, inaposaidia. Ya Klebsiella ina herufi zipatazo milioni 5 na nusu. Bakteria anapojigawa, mara mojamoja herufi moja hukosewa, na kosa hilo hurithiwa. Wawili wakitofautiana kwa herufi chache tu, walitengana juzi, pengine kati ya kitanda na kitanda. Wakitofautiana kwa maelfu, undugu wao ni wa mbali sana. Klebsiella wa Kilifi wa miaka ya 2001 hadi 2011 walipolinganishwa hivyo, zikaonekana koo nyingi, na hapa na pale vikundi vya ndugu wa karibu, dalili ya kuambukizana ndani ya hospitali. Mdudu mmoja aliyeshuka kwenye lori akaanza kuniponyoka. Basi kwa nini koo mbalimbali ziwe na usugu uleule dhidi ya dawa?

Kwa sababu usugu una safari yake. Jeni nyingi za usugu hukaa kwenye plasmidi, vipande vya DNA ambavyo bakteria hupitishiana, hata wa jamii tofauti. Jeni la CTX-M-15, linalovunja dawa za kundi la seftriaksoni, lilipatikana kwanza kwenye bakteria wa New Delhi wa mwaka 1999. Leo limeenea duniani, Kilifi ikiwemo. Ukiuliza mdudu katoka wapi, lazima uulize pia jeni lake limetoka wapi, na majibu huenda yasikutane kamwe. Kipi basi chenye uzito zaidi, njia au dawa?

Salmonella Typhimurium wa aina ya ST313 si mdudu wa wodini hasa, lakini njia yake Afrika imefuatiliwa kwa makini. Huvamia damu za watoto wadogo na za watu wenye VVU. Mwaka 2012 watafiti walikadiria kwamba alienea kwa mawimbi mawili, la kwanza likianza karibu 1960, la pili karibu 1977, pengine kutoka Bonde la Kongo. Ni makadirio, na napenda yasomwe hivyo. Hata hivyo wanaosimulia habari za barabara nawapa haki yao: kitu kilisafiri. Ila wimbi la pili lililifuta la kwanza, na sababu inayotajwa ni kwamba lilikuwa na jeni la kuishinda kloramfenikoli, dawa iliyokuwa tegemeo la hospitali nyingi. Je, usugu huo huanza tu dawa inapofika?

Hapana, na hili ndilo lililonisumbua kuliko yote. Methisilini ilianza kutumika Uingereza 1959, na ndani ya miaka miwili bakteria sugu wa Staphylococcus aureus wakaripotiwa. Wengi wakadhani dawa mpya ndiyo iliyowazaa. Mwaka 2017 vielelezo vya bakteria hao vilivyohifadhiwa tangu 1960 vilisomwa jenomu zake, na hesabu ikarudi nyuma hadi katikati ya miaka ya 1940: jeni la usugu huo lilikuwamo kabla ya methisilini kuwapo, na penisilini ndiyo inayoshukiwa kulipa nafasi. Ushahidi huo ulipatikana kwa sababu kuna mtu aliyehifadhi bakteria wa mgonjwa badala ya kuwatupa. Mtoto wa Osieko akipandwa na homa siku ya nne wodini Busia, nani atamtoa damu kabla ya sindano ya kwanza, na bakteria huyo atahifadhiwa wapi?