Deni la Nora: Jasho la Mke na Heshima ya Mume

Mijadala mingi juu ya Nyumba ya Mwanasesere, tamthilia ya Henrik Ibsen iliyooneshwa kwa mara ya kwanza jijini Copenhagen mwezi Desemba 1879, huishia mlangoni. Mhusika mkuu, Nora, anaaga, anatoka, na wasomaji wanabaki wakibishana kama mama ana haki ya kuwaacha watoto wake watatu. Ni swali zito, ila limelifunika jingine zito zaidi, nalo ni la deni. Mume wa Nora, Torvald Helmer, alipougua na madaktari wakashauri apelekwe kwenye nchi ya joto, mkewe alikopa kwa siri. Mke hakuweza kukopa bila idhini ya mume, kwa hiyo Nora aliandika mwenyewe jina la baba yake kama mdhamini. Tarehe ndiyo iliyomuumbua: sahihi ni ya Oktoba 2, na mzee alikuwa amefariki Septemba 29. Tangu hapo amelipa kidogo kidogo, akijibana katika mavazi, na majira ya baridi yaliyopita alijifungia usiku kunakili nyaraka za watu kwa malipo, huku nyumbani wakiamini anatengeneza mapambo ya Krismasi. Siri hiyo haikutokana na hofu ya sheria peke yake. Nora anajua kwamba mumewe angedhalilika kutambua kuwa uhai wake ameupata kwa jasho la mke. Jamii ile ilimruhusu mwanamke kuokoa nyumba, mradi asionekane akiiokoa.

Mwaka 1880 mwigizaji wa Ujerumani, Hedwig Niemann-Raabe, alikataa kuigiza mwisho ule, na Ibsen, kwa shingo upande, akaandika mwingine ambamo Nora anabaki kwa ajili ya watoto. Kilichobadilishwa ni kuondoka. Zile kazi za usiku ziliachwa kama zilivyo. Mke anayeondoka alikuwa kashfa, lakini mke anayefanya kazi kwa kujificha hakumshtua mtu.

Yupo atakayesema kwamba hayo ni ya Wanorwe wa karne ya 19, na kwamba sheria imekwisha kuyamaliza. Ni kweli kwamba Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inampa mke haki sawa na mume ya kumiliki mali na kuingia mikataba. Hata hivyo, kifungu cha 60 kinasema mali iliyopatikana katika ndoa kwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa ni yake, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mahakama zenyewe zilitofautiana kama kupika, kulea na kutunza nyumba ni mchango katika mali ya ndoa, hadi Mahakama ya Rufani ilipokubali mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kwamba ni mchango. Uamuzi huo ni mkubwa na unastahili heshima. Lakini mwenye kudai bado anahitaji ushahidi, na hapa ndipo tamthilia inapotuhusu moja kwa moja: mke aliyefundishwa kwamba adabu ni kununua bati na saruji kisha kumwachia mume sifa ya ujenzi, atathibitishaje mchango ambao adabu hiyohiyo ilimtaka aufiche?

Pingamizi jingine linatoka kwa Ibsen mwenyewe. Mwaka 1898, mbele ya chama cha kutetea haki za wanawake cha Norwe, alikana kwamba aliandika kwa ajili ya harakati hizo. Alisema kazi yake ilikuwa kuwasawiri binadamu. Kauli hiyo haiidhoofishi hoja, kwa sababu Torvald naye ni binadamu aliyefungwa. Amelelewa kuamini kwamba mwanamume hutoa na hapokei, na ndiyo maana, siri inapofichuka na mkopeshaji kuirudisha hati ya deni, furaha yake ya kwanza ni kwamba yeye ameokoka. Kumshukuru Nora kungemlazimu kukiri kwamba miaka yote hiyo alikuwa anadaiwa na mke wake.